Magofu ya sinagogi ya Naro yatufunze kuacha mawe yetu mahali pake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo lililozuka barazani kwetu hapa Mikindani, siku tuliposoma habari fupi mliyoichapa kuhusu magofu ya sinagogi ya kale katika mji mmoja wa pwani ya Bahari ya Mediterania. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: nyumba ya ibada ya Wayahudi, iliyobomoka kabla hata ya kujengwa Msikiti Mkuu wa Kilwa, inatuhusu nini sisi watu wa Mtwara na Lindi, ambao wengi wetu hatutaiona nchi ile? Sikumjibu siku ile, kwa kuwa jibu lilikuwa refu kuliko kikombe cha kahawa nilichokuwa nimekishika. Leo namjibu mbele ya wasomaji wako wote, kwa sababu naamini kwamba yaliyoyapata majengo ya namna ile ndiyo yanayoyapata magofu yetu wenyewe wakati huu, na kwetu bado muda upo.

Nianze na sinagogi iliyokuwa katika bara letu hili hili la Afrika. Kusini-mashariki ya jiji la Tunis, kwenye ufuko wa bahari, kuna mji uitwao Hammam-Lif, na msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja neno la kwanza la jina hilo, maana mji ule unajulikana kwa chemchemi zake za maji ya moto. Zama za kale mahali hapo paliitwa Naro. Mwaka 1883, miaka miwili tu baada ya Ufaransa kuiweka Tunisia chini ya himaya yake, askari wa Kifaransa waliokuwa chini ya kapteni Ernest de Prudhomme walikuwa wakitayarisha ardhi ya bustani, majembe yao yakagonga sakafu. Ilikuwa sakafu ya mozaiki, yaani vijiwe vidogo vidogo vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja mpaka vikatoa picha: samaki na bata, mitende, na tausi wawili waliokabiliana penye chemchemi. Katikati palikuwa na maandishi ya Kilatini, na kando yake kinara cha taa chenye matawi saba, alama ambayo Wayahudi wameitumia tangu kale kutambulisha nyumba zao za ibada na makaburi yao.

Maandishi yale ni mafupi, lakini yamenishika kuliko picha zote. Yanasema kwamba mwanamke aitwaye Juliana, anayejiita mtumishi wa Mungu, aliitandaza mozaiki ile katika sinagogi takatifu ya Naro kwa mali yake mwenyewe, kwa ajili ya wokovu wake. Hayasemi alikuwa mke wa nani wala binti wa nani, yanataja tu jina lake, mji wake na sadaka yake. Sisi watu wa pwani tunawajua akina mama wa namna hiyo. Nani kati yetu hajasikia habari za bibi aliyeweka wakfu minazi yake ili msikiti usikose mafuta ya taa na mikeka, au aliyechimbisha kisima ambacho mtaa mzima umekinywa maji kwa vizazi? Tofauti ni kwamba habari za bibi zetu zimebaki midomoni, na za Juliana zilibaki sakafuni, chini ya udongo, zikingoja zaidi ya miaka 1,000.

Lililofuata ndilo ninalotaka mzee wangu wa barazani alipime. Sakafu ile ilikatwakatwa vipande. Maandishi ya Juliana yalibaki Tunisia na yamo katika jumba la makumbusho la Bardo, lakini vipande vingine kapteni alikwenda navyo kwao Ufaransa, vikaingia sokoni, na mwaka 1905 jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, likanunua vipande 21. Huko vimetunzwa vizuri, sikatai, na maelfu ya watu wameviona. Lakini gofu lenyewe lilikwisha. Mtu akienda Hammam-Lif leo hawezi kuonyeshwa mlango ulikuwa wapi, watu walisimama wakielekea upande gani, wala chumba cha kuwekea Taurati kilikuwa kona ipi. Tunayoyajua kuhusu mpangilio wa jengo lile tunayajua hasa kwa sababu ya mchoro mmoja: koplo aitwaye Peco aliichora sakafu ilivyokuwa kabla haijaondolewa. Kwa mchoro wa koplo huyo wataalamu wanaweza kusema kipande hiki kilikuwa hapa na kile pale. Vipande ambavyo havimo katika mchoro wameona vilitoka katika vyumba vingine au majengo mengine, na hapo elimu yao inaishia katika kukisia. Angalia basi, jeshi lenye nguvu lilipita mahali pale na sheria zake na bendera yake, na lililotufaa sisi wa leo ni karatasi ya koplo mmoja aliyejali.

Naomba sasa nisimulie la nyumbani, maana bila hilo nisingekuwa na haki ya kumlaumu kapteni wa watu. Kwenye kizingiti cha nyumba ya marehemu baba yangu kuna jiwe la tumbawe lenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Upande mmoja limechongwa msokoto kama wa kamba ya nazi, mzunguko juu ya mzunguko, kwa ustadi ambao sijaona fundi wa leo akiufikia. Utotoni tulilikalia tukila miwa, tukalinolea visu, na msokoto umelika upande wa kulia kwa sababu huko ndiko tulikopendelea kuegemea. Baba alilichukua katika gofu moja miongoni mwa magofu yaliyokuwa vichakani kuizunguka ghuba yetu, alipokuwa akijenga, kama walivyochukua wenzake. Hakuona kosa, na hakuna aliyemwambia ni kosa. Miaka mingi baadaye alikuja mtaalamu wa mambo ya kale, kijana mpole, akapiga magoti mbele ya kizingiti, akalipangusa jiwe kwa vidole na kusema kwamba mchongo wa aina ile huonekana kwenye mihirabu au kwenye makaburi ya watu wakubwa, na kwamba akijua lilitoka gofu gani na upande gani, ataweza kukadiria umri wa gofu lenyewe. Akatuuliza. Baba alikwisha fariki. Mama alikumbuka tu kwamba lilikuja na punda. Kijana akaandika kwenye daftari lake kwamba asili ya jiwe haijulikani, akalifunika daftari, akatuaga. Neno lile, haijulikani, limenikaa moyoni tangu siku hiyo, kwa sababu ilijulikana. Baba aliijua, na siku yoyote ya maisha yake mtu angalimwuliza, angalimpeleka mpaka pale.

Upo mfano mwingine, nao unatoka Albania, katika mji wa bandari uitwao Saranda, unaotazamana na kisiwa cha Corfu. Zamani za Warumi mji huo uliitwa Onchesmos. Magofu yake yamo katikati ya mji, majumba ya siku hizi yakiyazunguka. Wataalamu wa Albania walipoanza kuyachimba katika miaka ya 1980 walikuta kanisa la karne za mwanzo za Ukristo, na kwa ushahidi waliokuwa nao hawakukosea, kwa kuwa kanisa lilikuwapo kweli. Lakini sakafu za chini ziliachwa mahali pake. Ilipofika mwaka 2003, wataalamu wa Albania waliungana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, Ehud Netzer na Gideon Foerster, wakafanya kazi upya, na mozaiki zikasema habari nyingine: kinara cha matawi saba, na kando yake pembe ya kondoo dume, ile inayopulizwa kama baragumu siku za ibada, pamoja na tunda la jamii ya limau ambalo Wayahudi hulishika katika sikukuu yao ya vibanda. Kumbe kabla ya kuwa kanisa, jengo lile lilikuwa sinagogi katika karne ya 5 na ya 6. Kama katika ile miaka ya katikati mtu angeing'oa sakafu kwa kuwa tayari tunajua ni kanisa, au kama mjenzi angechukua mawe yake kwa msingi wa duka, Saranda isingejua kwamba iliwahi kuwa na jamii ya Wayahudi yenye uwezo wa kujenga nyumba kubwa kama ile. Watu wa mji ule leo ni Wakristo na Waislamu, na gofu la sinagogi wanalihesabu kuwa la mji wao. Hilo, mzee wangu, ni sehemu ya jibu langu kwako. Wala sizungumzii siasa za leo za Mashariki ya Kati, nazungumzia mawe na haki ya waliotangulia kutajwa mahali walipoishi.

Niongeze jambo dogo lenye faida. Karibu na Saranda, upande wa kusini, kuna magofu makubwa ya Butrint, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1992. Humo mna sakafu ya mozaiki iliyo maarufu sana, ya nyumba ya ubatizo, na muda mwingi mgeni akifika haioni, kwa sababu imefunikwa mchanga ili maji na jua visiiharibu, na hufunuliwa mara chache tu. Ninataja hili kwa kuwa tumezoea kuambiwa kwamba kutunza magofu kunahitaji fedha nyingi kutoka nje. Zipo kazi zinazohitaji fedha, ni kweli. Lakini mchanga tunao, na kuacha pia ni utunzaji.

Turudi kwetu. Wasomaji wa Lindi hawana haja ya kufundishwa ukubwa wa Kilwa Kisiwani, mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331, wenye Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, ambao pamoja na Songo Mnara uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wasiokumbuka wakumbushwe kwamba mwaka 2004 magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakakaa huko miaka 10, mpaka kazi ya ukarabati na ya kuzuia bahari isile ufuko ilipoyatoa mwaka 2014. Kilwa ina jina, ina walinzi na ina wageni. Hofu yangu ni ya magofu yasiyo na jina: msikiti mdogo uliobaki ukuta mmoja na kibla, kaburi lenye nguzo iliyoanguka, kisima kilichojengewa kwa matumbawe ambacho mbuyu umekikumbatia. Hayo yapo katika vijiji vingi kuanzia mpaka wa Mto Ruvuma mpaka juu kuelekea Rufiji, na yanapungua kila mwaka.

Katika kijiji kimoja cha pwani, ambacho sitakitaja ili nisiwaletee wenyeji wake maneno, niliona kwa macho yangu greda likichonga barabara ya mtaa na kupita juu ya kona ya makaburi ya kale. Dereva alisimama alipowaona wazee wakikimbia kumzuia, akashuka, akawaomba radhi kwa dhati, akasema ramani aliyopewa haikuonyesha chochote mahali pale. Sikuwa na la kumlaumu, kwa kuwa ramani yake kweli haikuonyesha kitu. Mawe yaliyosukumwa kando yalikaa siku mbili tatu, kisha yakaanza kupungua, moja likionekana kwenye jiko la mafiga, mengine kwenye msingi wa ua. Mwezi ulipokwisha hapakuwa na jiwe hata moja.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inahesabu kuwa ni kumbukumbu ya kale inayostahili ulinzi kila jengo lililojengwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1886, na inalinda pia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, ile ambayo wachuuzi huzunguka mitaani wakiiulizia bei. Mtu akivumbua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Lakini fundi uashi anayeinua tumbawe vichakani hajawahi kusomewa sheria hiyo, na mtendaji wa kijiji anayegawa kiwanja hana orodha ya kumwambia kwamba hapa pasiguswe. Sheria isiyojua gofu liko wapi haiwezi kulilinda.

Najua pia hoja ya upande wa pili, na siidharau. Tofali za saruji ni ghali, na mtu mwenye watoto anayeona jiwe zuri lililokwisha kuchongwa, limelala bure tangu azaliwe, atashangaa akiambiwa aliache. Baba yangu alikuwa mtu huyo. Wala hili si letu peke yetu, kwa maana miji ya Mediterania iliwahi kula mawe yake vibaya kuliko sisi. Ostia, bandari ya kale ya Roma, iliporwa marumaru zake kwa karne nyingi, nyingine zikachomwa kwenye matanuri kupata chokaa, kama sisi tunavyochoma matumbawe. Sinagogi yake ilionekana mwaka 1961 tu, wakati wa ujenzi wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Fiumicino, na jiwe lenye jina la Mindius Faustus, aliyetoa mali yake kutengeneza sanduku la kuwekea sheria takatifu, lilikutwa limetumika kuziba sakafu. Hata waabudu wenyewe wa sinagogi ile walilichukua jiwe la mfadhili wao wakalifanya kiraka. Lakini halikutoka nje ya jengo, na kwa sababu hiyo Mindius Faustus bado anajulikana alikuwa mtu wa wapi na alitoa nini.

Ninachoomba kwa viongozi wa vijiji na mitaa, madiwani na wapima viwanja wa mikoa yetu miwili si kujenga majumba ya makumbusho. Naomba kila serikali ya kijiji yenye magofu iwakusanye wazee walio hai kwa siku moja, watembee nao, na kila gofu liandikwe: liko wapi, wenyeji wanaliitaje, nani alilikuta likiwa na nini na sasa limebaki nini. Kisha lizungushiwe bikoni kama kiwanja cha mtu, na orodha iwekwe mezani kwa mtendaji na nakala ipelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale. Mwenye jiwe nyumbani kwake asitishwe wala asiaibishwe. Aulizwe tu, angali hai, alilitoa wapi, na jibu liandikwe.

Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu chache za shaba katika Visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, na tano kati ya hizo zilikuja kutambuliwa kuwa ni za Kilwa. Alizihifadhi koponi miaka mingi asijue ni nini, na mwaka 1979 alipozipeleka zikachunguzwe, alipeleka pia ramani aliyoitia alama ya msalaba mahali alipoziokotea. Zilifikaje mbali kiasi kile bado watu wanajadiliana, lakini kwa alama ile ya kalamu watafiti waliweza kurudi kwenye ufuko ule ule mwaka 2013. Mgeni aliyeokota sarafu za Kilwa alijali kutia alama. Sisi tuliozaliwa kando ya Kilwa tunashindwa nini?

Mimi nimeanza na kidogo kilicho katika uwezo wangu. Nimenunua daftari kubwa la miraba, na pamoja na wajukuu wangu wawili nimekwisha kuchora magofu manne yaliyo mwendo wa miguu kutoka nyumbani, tukipima kuta kwa kamba yenye mafundo. La tano tumelikosa, ingawa nililichezea utotoni. Ukurasa wa kwanza nimechora jiwe la kizingiti cha baba, na chini yake nimeandika kwamba lililetwa na punda kutoka gofu lisilojulikana, upande wa ghuba. Mzee wangu wa barazani amechungulia daftari hilo juzi, akaniambia kwamba alipokuwa kijana alimsaidia mtu kupakia mawe ya aina hiyo, na kwamba miguu yake ikimruhusu baada ya mvua hizi, atatuongoza.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara